Ukame Hauchagui, Njaa Huchagua

Mwaka 1974 mito ya Bangladesh ilifurika tangu Juni hadi Septemba. Maji yalifunika mashamba ya mpunga, bei ya mchele ikapaa, na kabla mwaka haujaisha watu wengi mno walikuwa wamekufa kwa njaa na kwa maradhi yanayoandamana nayo. Ukiisoma habari hiyo harakaharaka huoni fumbo lolote: mafuriko yameharibu mpunga, chakula kimekwisha, watu wamekufa.

Sasa itazame kalenda. Mpunga mwingi ulioharibiwa na mafuriko yale ulikuwa uvunwe Novemba na Desemba. Njaa ilishika kasi kati ya Agosti na Oktoba, na Novemba ilikuwa imeanza kulegea. Yaani watu walikufa kabla haijafika siku ambayo mavuno yaliyopotea yangeingia ghalani. Tena chakula kilichokuwamo nchini mwaka ule, ukikigawa kwa idadi ya watu, kilikuwa kingi kuliko mwaka mwingine wowote kati ya 1971 na 1975.

Ni nini basi kiliwaua? Kwanza ni kukosa kazi. Watu wengi vijijini hawakuwa na shamba. Waliishi kwa vibarua vya kupanda, kupalilia na kuvuna mashamba ya wenzao. Shamba lililo chini ya maji halihitaji kibarua, na kibarua aliyekosa kazi asubuhi hana mchele jioni. Pili, wenye akiba ya mchele waliyaona mafuriko, wakajua miezi ijayo itakuwa migumu, wakafunga maghala kusubiri bei. Tatu, serikali haikuwa na fedha za kigeni za kuagiza nafaka ya kutosha, na shehena za msaada kutoka Marekani zilicheleweshwa kwa sababu Bangladesh ilikuwa imeiuzia Cuba, nchi iliyowekewa vikwazo na Marekani, bidhaa za juti, yaani nyuzi za kutengenezea magunia. Mafuriko yalikuwa ya wote. Njaa ilikwenda kwa vibarua.

Uchambuzi huu ni wa mchumi Amartya Sen, ambaye akiwa mtoto aliishuhudia njaa ya Bengal ya mwaka 1943 na baadaye, mwaka 1998, akapewa tuzo ya Nobel ya uchumi. Hoja yake kuu ni nyepesi kuitamka na nzito kuikubali: kuwapo kwa chakula ni jambo moja, na mtu kuwa na njia ya kukipata ni jambo jingine. Njia hiyo yaweza kuwa shamba lake, mshahara wake, mifugo yake, au haki anayodai kwa serikali yake. Ikikatika, chakula kinaweza kupita mlangoni kwake ndani ya lori na yeye akafa.

Nimeanza mbali hivi kwa sababu maelezo tunayopewa kila mwaka ni mafupi mno. Mvua haikunyesha, ndiyo maana kuna njaa. Si uongo, ila ni safari iliyokatizwa katikati. Kati ya wingu na sahani kuna mambo mengi, na katika nchi zinazoendelea mengi kati ya hayo yamelegea hata kabla ya wingu kukosekana.

Tunazungumzia nini hasa

Kwa Kiswahili tumezoea kusema "usalama wa chakula", na maneno hayo yanabeba maana mbili kwa pamoja: chakula kisicho na sumu wala vijidudu, na pia hali ya watu kuwa na chakula cha kutosha. Hapa nitasema "uhakika wa chakula" kwa maana hiyo ya pili, kwa kuwa uhakika ndio kiini cha jambo lenyewe. Anayekula leo bila kujua kesho atakula nini hana uhakika wa chakula, hata kama leo ameshiba.

Mkutano wa viongozi wa dunia kuhusu chakula uliofanyika Roma mwaka 1996 ulikubaliana kwamba uhakika wa chakula upo pale ambapo watu wote, wakati wote, wanaweza kukifikia na kukimudu chakula cha kutosha, salama na chenye lishe, ili waishi maisha ya afya na yenye nguvu. Wataalamu wakaigawa hali hiyo mafungu manne: chakula kiwepo, mtu aweze kukipata, mwili uweze kukitumia, na mambo hayo matatu yadumu bila kuyumba. Watu wengi hukumbuka la kwanza na kusahau matatu yaliyobaki.

Na la kwanza, kwa dunia nzima, si ndilo lenye shida kubwa. Nafaka inayozalishwa duniani kwa mwaka ni takriban tani bilioni 2.8, ambazo zikigawanywa kwa watu wote zinapita kilo 340 kwa kila mmoja. Sehemu kubwa ya nafaka hiyo hulishwa mifugo na nyingine hugeuzwa mafuta ya magari, lakini hesabu yenyewe haina utata. Hata hivyo, kwa makadirio ya mashirika ya Umoja wa Mataifa yaliyotolewa Julai 2025, watu wapatao milioni 673 walikabiliwa na njaa mwaka 2024. Barani Afrika walikuwa zaidi ya milioni 307, yaani zaidi ya mtu mmoja kati ya kila watano. Waliokuwa hawamudu mlo kamili wenye lishe duniani walifika bilioni 2.6. Tofauti kati ya milioni 673 na bilioni 2.6 ni watu ambao tumbo limejaa wanga na mwili bado una njaa.

Siku kumi shambani

Sasa turudi kwa hali ya hewa, maana sitaki mtu aondoke hapa akidhani ninaipuuza. Inatisha kuliko takwimu za mwaka zinavyoonyesha, kwa sababu mmea hauishi kwa wastani wa mwaka. Unaishi siku kwa siku.

Chukua mhindi uliofikia kuchanua. Juu kuna mbelewele, inayomwaga chavua kama vumbi la njano. Chini, kwenye gunzi changa, zimechomoza nywele laini zinazonata. Kila unywele umeunganishwa na punje moja tu. Chembe ya chavua ikitua juu ya unywele huota mrija mwembamba unaoshuka ndani yake hadi chini, na hapo ndipo punje hutungwa. Unywele usiopata chavua hauna punje. Kazi hiyo yote hufanyika katika siku chache, tuseme wiki moja au mbili kwa shamba zima.

Udongo ukikauka katika siku hizo, mbelewele humwaga chavua kwa wakati wake kama kawaida, lakini nywele hukawia kuchomoza kwa kukosa maji ya kurefuka. Zinapotoka, chavua imeshakwenda na upepo. Shamba kwa mbali linaonekana zuri, kijani kibichi. Mvua inarudi wiki mbili baadaye na jumla ya msimu inasomeka ya kawaida kwenye kipimo. Mkulima anamenya gunzi siku ya mavuno anakuta mapengo, punje tatu hapa, tano pale, na gunzi jingine tupu kabisa. Ukame wa siku kumi umekula msimu wa miezi minne, na hakuna ripoti itakayouita ukame.

Joto nalo hufanya kazi yake kimyakimya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011, uliopitia majaribio zaidi ya 20,000 ya mahindi barani Afrika, ulionyesha kwamba kila siku inayopita nyuzi 30 za Selsiasi kwa nyuzi moja hupunguza mavuno kwa asilimia 1 hata mvua ikiwa nzuri. Kukiwa na ukame, hasara hiyo hufika asilimia 1.7. Siku ishirini za namna hiyo, na nyuzi zenyewe zikiwa mbili au tatu juu ya hapo, si jambo geni tena.

Mvua yenyewe imebadilika tabia. Kila hewa inapopata joto la nyuzi moja zaidi inaweza kubeba mvuke zaidi kwa asilimia 7 hivi, kwa hiyo ikinyesha huweza kumwaga kwa nguvu, kisha ikakaa kimya muda mrefu. Mvua ya mwezi mzima ikishuka kwa siku mbili haimwagilii mazao. Inabeba udongo wa juu pamoja na mbolea iliyokopwa. Katika Afrika kusini mwa Sahara, ambako karibu kilimo chote hutegemea mvua badala ya umwagiliaji, hakuna kinga kati ya tabia hiyo ya mvua na mlo wa watu.

Kuna pia zile hali zinazotoka bahari ya Pasifiki. El Niño, yaani bahari hiyo inapopata joto kuliko kawaida, kwa kawaida huleta mvua nyingi za vuli Afrika Mashariki na ukame kusini mwa bara. La Niña, bahari inapopoa, hupindua mambo. Mwishoni mwa 2023 Afrika Mashariki ilikuwa katika mafuriko, na miezi michache baadaye kusini mwa Afrika mahindi yalikauka yakiwa yamesimama. Kabla ya hapo, kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi 2022, misimu mitano mfululizo ya mvua ilikuwa imeshindwa katika sehemu za Ethiopia, Kenya na Somalia. Mfugaji anaweza kustahimili msimu mmoja mbaya, pengine miwili. Mitano humaliza zizi.

Jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi lilieleza mwaka 2022 kwamba ukuaji wa tija ya kilimo barani Afrika tangu 1961 umepungua kwa asilimia 34 kwa sababu ya mabadiliko ya tabianchi. Takwimu hii hunukuliwa vibaya mara nyingi. Haisemi kwamba mavuno yamepungua kwa theluthi. Inasema kwamba maendeleo ambayo yangepatikana kwa mbegu bora, elimu na jasho la wakulima, theluthi yake imeliwa njiani. Na hewa ukaa inayosababisha haya, sehemu iliyotoka Afrika ni kiasi cha asilimia 4 tu. Siwezi kuandika sentensi hiyo bila uchungu.

Majirani wawili, mvua moja

Hapa ndipo pa kukaa zaidi, kwa kuwa ndipo tabianchi na umaskini vinapokutana.

Fikiria kaya mbili zinazopakana. Mashamba ni sawa kwa ukubwa, udongo ni uleule, mvua ni ileile. Kaya ya kwanza ina mtu mmoja anayepokea mshahara kila mwezi. Ya pili inaishi kwa shamba peke yake.

Mavuno yakiingia, kila mtu anauza kwa wakati mmoja na bei inakuwa chini kuliko mwezi wowote. Kaya ya kwanza inasubiri. Ya pili haiwezi, maana ina deni la mbegu na mbolea, ada ya shule na matibabu yaliyoahirishwa. Inauza magunia ambayo ingeyahitaji. Miezi mitano baadaye debe limekwisha, nayo inarudi sokoni kununua nafaka ileile kwa bei iliyopanda sana. Huo ni mwaka mzuri. Mvua imenyesha vizuri na bado kuna miezi miwili au mitatu ya njaa kabla ya mavuno mapya, miezi ambayo karibu kila jamii ya wakulima ina jina lake.

Sasa ukame unakuja. Kaya ya pili inaanza kupunguza milo, na anayeanza kupunguza ni mama. Kisha kuku wanauzwa. Kisha mbuzi, na hapo kuna jambo baya linalotokea: kila mtu anauza mbuzi wiki hiyohiyo, wanyama wamekonda, bei ya mbuzi inaanguka huku bei ya nafaka ikipanda. Mbuzi aliyekuwa akinunua gunia sasa ananunua madebe mawili. Anayewanunua ni nani? Mara nyingi ni yule jirani mwenye mshahara. Ukame mmoja, na jirani mmoja anatoka nao akiwa na zizi kubwa kuliko alivyoingia.

Haijaisha. Mvua za msimu unaofuata zinaanza, na kwa kaya ya pili huo ndio wakati wa dhiki kuliko wote, kwa sababu ghala ni tupu na mavuno bado. Baba na mama wanakwenda kulima vibarua kwa jirani ili wapate unga wa siku. Magugu hayasubiri. Shamba lao wenyewe linapaliliwa wiki tatu baada ya muda wake, na pengine lilipandwa mbegu iliyobaki baada ya nyingine kuliwa. Mvua ya mwaka huo ni nzuri sana, kila mtu anasema ni nzuri, na kaya ya pili inavuna nusu ya jirani. Afisa akipita na daftari ataandika kwamba ukame uliisha mwaka jana.

Kuna hasara nyingine isiyoonekana hata kwa daftari. Mkulima aliyewahi kukopa mbolea, mvua ikakosa, na deni likabaki palepale, hakopi tena kirahisi. Si ujinga wala ukaidi, kama wataalamu wengine wanavyopenda kusema mikutanoni. Ni hesabu sahihi ya mtu asiyeweza kumudu kukosea mara moja. Kwa hiyo anapanda bila mbolea, miaka mibaya na mizuri, na anavuna kidogo miaka yote. Hofu ya ukame inapunguza chakula hata ukame usipokuja.

Ndani ya kaya yenyewe njaa huchagua tena. Mwanamke ndiye anayelima kwa saa nyingi katika nchi nyingi maskini, lakini hati ya ardhi haina jina lake, na bila hati hapati mkopo, na bila mkopo hapati pembejeo kwa wakati. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikadiria mwaka 2023 kwamba kuziba pengo la tija na mishahara kati ya wanawake na wanaume katika kilimo na biashara ya chakula kungepunguza watu wasio na uhakika wa chakula kwa milioni 45. Na mtoto aliyedumaa kabla ya kutimiza miaka miwili ni nadra kuufikia urefu aliokuwa aufikie, wala uwezo wote wa darasani aliokuwa nao. Mwaka 2024 waliodumaa chini ya miaka mitano walikuwa kiasi cha milioni 150 duniani. Hao ndio watakaolima na kufanya vibarua miaka ishirini ijayo, kwa mwili uliopunguzwa nguvu na ukame wa zamani.

Bei zinazopangwa mbali

Watu wa mijini wanaweza kudhani mambo ya mvua hayawahusu. Yanawahusu kupitia bei. Kaya maskini hutumia zaidi ya nusu ya mapato yake kununua chakula, wakati katika nchi tajiri sehemu hiyo ni kama moja ya kumi kwa wastani. Bei ikipanda kwa robo, mmoja anapunguza matembezi ya mwisho wa wiki, mwingine anafuta mlo wa mchana.

Na bei haifuati mvua ya hapo ulipo peke yake. Mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008 bei ya mchele katika soko la dunia ilipanda karibu mara tatu kwa muda wa miezi michache, ingawa mavuno ya mpunga duniani hayakuwa yameanguka. Mafuta na ngano vilikuwa vimepanda, India na Vietnam zikabana mauzo ya nje kulinda watu wao, wanunuzi wakaingiwa na hofu wakaanza kununua kwa kugombania. Huko Haiti ghasia za bei ya chakula zilimng'oa waziri mkuu Aprili 2008. Mwaka 2010 joto kali lilichoma ngano ya Urusi, Urusi ikafunga mauzo ya nje, na mkate ukapanda bei katika nchi ambazo hazikuwa na shida yoyote ya mvua. Machi 2022, baada ya vita kuanza Ukraine, kipimo cha bei za chakula duniani kilifika juu kuliko wakati wowote tangu mwaka 1990, takwimu zake zinapoanzia. Julai 2023 India ilizuia tena mchele mweupe wa kawaida kutoka nje ya nchi.

Kuna jambo hapa ambalo halielezwi vya kutosha. Baada ya Machi 2022 bei za dunia zilianza kushuka, lakini katika nchi nyingi zinazoendelea mnunuzi hakuona nafuu. Nafaka huuzwa kwa dola, na sarafu za nchi hizo zilikuwa zikiporomoka dhidi ya dola. Bei inashuka bandarini, inapanda dukani. Nchi iliyobanwa na madeni haina akiba ya fedha za kigeni ya kuagiza haraka, haina uwezo wa kutoa ruzuku, na pengine inalipa riba kwanza ndipo inunue mahindi. Mataifa ya Afrika yaliahidi Maputo mwaka 2003 kutenga angalau asilimia 10 ya bajeti kwa kilimo. Nyingi hazijawahi kuifikia ahadi hiyo kwa miaka mfululizo, na baadhi ya visababu ni halali, baadhi si halali.

Mfano ulio wazi ni Zambia mwaka 2024. Ukame wa El Niño uliharibu hekta zipatazo milioni moja za mahindi kati ya milioni 2.2 zilizopandwa, na Februari rais akatangaza janga la taifa. Lakini maji hayo yaliyokosekana shambani yalikosekana pia kwenye bwawa la Kariba, ambalo ndilo linaloendesha mitambo mikubwa ya umeme. Umeme ukawa wa saa chache. Mashine za kusaga zikasimama, mwenye saluni akakosa wateja, muuza samaki akashindwa kugandisha. Mtu wa mjini ambaye hajawahi kushika jembe alipoteza kipato wiki ileile ambayo unga ulipanda bei. Na nchi ilikuwa bado inajadiliana na wadai wake, baada ya kushindwa kulipa deni la nje mwaka 2020. Hapo huwezi tena kutenganisha hali ya hewa na uchumi kwa kisu, uweke kimoja kulia na kingine kushoto.

Nzige wa jangwani walitufundisha jambo hilohilo. Vimbunga viwili vya mwaka 2018, Mekunu na Luban, vilimwaga mvua katika jangwa tupu la rasi ya Arabia. Nzige wakazaliana huko vizazi kadhaa, mahali pasipo na mtu wa kuwaona. Walipovuka kuingia Yemen walikuta vita, na penye vita hakuna gari la kunyunyizia dawa. Kufikia mwanzoni mwa 2020 makundi yalikuwa yamefunika sehemu za Ethiopia, Somalia na Kenya, na kwa Kenya yalikuwa mabaya kuliko yaliyoonekana kwa miaka 70. Vimbunga viliwazaa, vita viliwaacha wakue.

Kilichomo ghalani

Hata chakula kilichovunwa si chakula kilicholiwa. Takriban asilimia 13 ya chakula duniani hupotea kati ya shamba na duka, na katika nchi zenye barabara mbovu na maghala hafifu mzigo huo huanguka juu ya wadogo. Mvua zisizo za msimu zikikuta mahindi hayajakauka, ukungu hutoa sumukuvu, ambayo huioni kwa macho na moto wa jikoni hauiondoi yote. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya watu 317 waliugua na 125 walikufa kwa mahindi yaliyohifadhiwa ndani ya nyumba yakiwa na unyevu. Sehemu ile ilikuwa na uhaba wa chakula. Mtu aliyeshiba angeyatupa mahindi yenye ukungu bila kufikiri mara mbili.

Kinachosaidia

Mwaka 1992 kusini mwa Afrika kulikuwa na ukame mkubwa ajabu, mbaya kuliko ule wa miaka kumi baadaye. Nchi za ukanda huo ziliagiza nafaka mapema, zikapanga pamoja bandari na treni, na njaa ya kuua watu kwa wingi ikazuiwa. Mwaka 2002 upungufu wa Malawi ulikuwa mdogo zaidi, lakini mahindi ya ghala la akiba la taifa yalikuwa yameshauzwa, Virusi vya Ukimwi vilikuwa vimepunguza nguvu kazi vijijini, na taarifa za mavuno ziliwapotosha waamuzi. Watu walikufa. Mvua mbaya zaidi, vifo vichache zaidi. Nadhani hakuna ulinganisho unaoeleza jambo hili vizuri kuliko huo.

Mbegu zinazostahimili ukame ni muhimu, nami ninaziunga mkono kwa moyo wote, sambamba na umwagiliaji wa wadogo na kuhifadhi maji ya mvua mashambani. Bima inayolipa mvua ikishuka chini ya kipimo fulani inasaidia pia, ingawa kipimo kikiwa mbali na shamba mkulima anaweza kupoteza kila kitu huku karatasi ikisema mvua ilitosha. Lakini kama kaya ya pili ingeniuliza ianze na lipi, ningesema ni pesa mkononi kabla mbuzi hawajauzwa. Ethiopia ilianza mwaka 2005 mpango wa kuwapa mamilioni ya watu wa vijijini malipo ya fedha au chakula kila mwaka katika miezi migumu, wengi wao kwa kufanya kazi za kuhifadhi udongo na maji. Shabaha yake haikuwa kuwalisha tu. Ilikuwa kuwazuia wasiuze mifugo, ili mwaka wa mvua nzuri uwakute wakiwa na kitu cha kuanzia.

Tatizo la msaada ni saa unayofika. Kwa mizani inayotumika kimataifa, njaa kuu hutangazwa mambo matatu yakithibitika: angalau kaya 20 kati ya 100 zimekosa chakula kupita kiasi, zaidi ya watoto 30 kati ya 100 wana utapiamlo mkali, na kila siku wanakufa angalau watu wawili kati ya kila 10,000. Somalia mifumo ya tahadhari ilianza kuonya katika nusu ya pili ya mwaka 2010, mvua zilipotabiriwa kushindwa. Vita na masharti ya kisiasa yalifunga njia, na fedha zikasuasua. Njaa kuu ikatangazwa tarehe 20 Julai 2011, na hapo ndipo michango ilipomiminika. Jumla ya waliokufa ilikuja kukadiriwa kuwa takriban 260,000, zaidi ya nusu yao watoto wa chini ya miaka mitano, na kiasi cha nusu ya vifo hivyo vyote vilikuwa vimeshatokea kabla ya tangazo kusomwa. Miaka sita baadaye, mvua ziliposhindwa tena kwa ukali, fedha zilianza kutumwa mapema mwaka 2017, nyingi kwa simu za mkononi moja kwa moja kwa kaya, na wauza nafaka wa Somalia wenyewe wakapeleka magunia kule ambako wateja walikuwa na chochote cha kulipia. Mwaka ule njaa kuu haikutangazwa.